Muulize Mdudu

Nenda kwenye shule yoyote ya msingi wakati wa kiangazi, uzunguke nyuma ya madarasa, pale chini ya mapaa ambapo mvua haifiki. Kama mchanga ni mkavu na laini, utaona vishimo vidogo vyenye umbo la faneli. Chini ya kila kishimo amejifukia mdudu mmoja mwenye taya kama koleo, anangoja sisimizi ateleze. Watoto wengi wa Kenya humjua kabla hawajajua kusoma. Kila mahali ana jina lake. Sisi kwetu tulikuwa tunamwimbia atoke, na akikataa tunamchokora kwa kijiti.

Mdudu huyo aliwahi kuandikiwa kijitabu cha shule. Si mzaha. Katika miaka ya 1960 kulikuwa na mradi wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, uliozinduliwa kwenye mkutano wa Kano, Nigeria, mwaka 1965, na kuendeshwa na shirika la elimu la Marekani lenye makao Massachusetts. Kenya ilikuwa ndani, pamoja na Uganda, Tanzania, Ghana, Nigeria na nchi nyingine. Mradi huo ulitoa vijitabu vya walimu kuhusu vitu ambavyo mtoto anavipata bila kununua: maji, udongo, mbegu, vizibo vya soda, mikebe. Kimoja kilikuwa cha mdudu wetu, na jina lake ukilileta kwa Kiswahili ni kama kusema: Muulize.

Muulize yeye, yaani, usimuulize mwalimu. Somo la namna hiyo linaenda hivi. Watoto wanatoka nje na mikebe, wanarudi na wadudu. Mwalimu hasemi jina la kisayansi wala haandiki muhtasari ubaoni. Anauliza tu: huyu anapenda mchanga upi? Basi kundi moja linaweka mchanga mkavu upande huu na mbichi upande ule, wanangoja waone kishimo kitachimbwa wapi. Anatembea akielekea wapi? Wanamweka mezani na kugundua anaenda kinyumenyume. Sisimizi akianza kupanda kutoka shimoni anafanya nini? Anamrushia mchanga kwa kichwa mpaka aporomoke tena. Mtoto akiuliza swali jipya, mwalimu anamrudisha kwa mdudu. Hakuna gharama, hakuna projekta, na hakuna mtu anayelala darasani.

Mimi habari hii nimeijua nikiwa mtu mzima, na nimeifikia kupitia kazi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo naishi kwa kuandika chochote kinacholipa. Kwa miezi kadhaa kilicholipa kilikuwa kuandika kazi za darasani za kuuzia walimu wa Marekani, kwa watoto wa miaka 10 hadi 14. Mteja hakutaka maelezo marefu. Alitaka kitu kitakachowashika watoto. Nikaandika kesi ya kuigiza ambapo darasa la sita linamshtaki mfalme wa kale, lina mawakili na mashahidi, na kila shahidi lazima ataje ushahidi aliousoma. Nikaandika mafumbo ya Misri ambapo kundi haliwezi kufungua bahasha ya pili kabla halijasoma ramani sawasawa. Nikaandika daraja la karatasi na gundi ambalo lazima libebe sarafu 50 kabla ya kuvunjika. Malipo yalikuwa dola chache kwa kila kazi, lakini saa zingine nilijikuta nacheka peke yangu saa nane usiku.

Halafu swali likanijia: hivi sisi mbona hatukufundishwa hivi?

Jibu la haraka kila mtu analo. Umaskini. Vifaa hakuna, walimu wachache, darasa lina watoto 70. Ni kweli, nimekaa kwenye darasa la aina hiyo. Lakini mdudu ni wa bure, na yupo bado nyuma ya madarasa. Ukiifuata historia unakuta kwamba masomo ya kushika na kujaribu yaliletwa Kenya mara nyingi, yakiwa na mawazo mazuri, na kila mara yakafa mikononi mwa watu ambao hawakuwa wajinga. Nataka kueleza kwa nini, kwa sababu sasa hivi tuko kwenye jaribio lingine na watoto wa kweli wako ndani yake.

Tuanze 1924. Mwaka huo tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki. Kiongozi wake alikuwa Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe alikuwa James Aggrey, msomi mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Walikuja na mfano wa shule za Hampton na Tuskegee, zilizojulikana kwa kufundisha Wamarekani weusi kilimo na ufundi. Ushauri wao ulikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha yake: shamba, afya, nyumba, kazi za mikono. Mwaka uliofuata, 1925, ikafunguliwa Jeanes School pale Kabete, kuandaa walimu wa kuzunguka na kusaidia shule za vijijini.

Ukisoma mapendekezo hayo bila kuangalia tarehe, utadhani ni hotuba ya waziri wa juzi. Jifunze kwa kutenda. Shule iguse jamii. Lakini angalia nani alipewa nini. Mtoto wa mzungu pale Nairobi alikuwa anaandaliwa kwa mitihani ya kwao, ile ya kumfungulia ofisi na chuo. Mtoto wa Mwafrika aliambiwa somo linalomfaa ni jembe. Jembe lenyewe halina ubaya, babu zetu wamelishi. Ubaya ulikuwa kwenye mgawanyo.

Wazazi waliuona mgawanyo huo mapema sana. Baada ya mgogoro wa 1929 kati ya wamishenari na Wakikuyu kuhusu tohara ya wasichana, shule huru zikachipuka Mkoa wa Kati, zimejengwa na wanakijiji wenyewe kwa michango yao, na mwaka 1939 wakaanzisha chuo chao cha walimu Githunguri. Walichodai kilikuwa wazi: Kiingereza, vitabu, na elimu inayomfikisha mtoto mbali. Hawakujenga shule ili mtoto akafundishwe kulima kitu alichokijua tayari kutoka kwa mama yake. Serikali ilizifunga shule hizo baada ya hali ya hatari kutangazwa 1952, lakini somo lilibaki kwenye damu. Mzazi wa Kenya akisikia mtoto wake anafundishwa kwa mikono, anauliza swali la nyanya yake: na wa kwao wanafundishwa nini?

Wakati huohuo mtihani ulikuwa unakuwa mlango. Ripoti ya Beecher ya 1949 ilipanga elimu ya Mwafrika kwa ngazi za miaka minne minne, na kati ya ngazi moja na nyingine pakawekwa chujio. Mtoto wa darasa la nne, miaka kumi hivi, alikuwa anafanya mtihani wa kuamua kama ataendelea au atarudi nyumbani. Hebu fikiria mwalimu wa darasa hilo. Utamwambia atoke nje na mikebe?

Mwaka 1957 jambo jipya lilianza Nairobi. Katika madarasa ya watoto wenye asili ya Kihindi, ambao nyumbani walisema Kigujarati au Kipunjabi, wizara ilijaribu njia mpya ya kufundisha kwa Kiingereza tangu mwanzo. Watoto walikaa kwa makundi badala ya safu, wakawa na kadi za kusoma, nyimbo, maigizo na kona za shughuli. Wageni walipotembelea walishangaa jinsi watoto walivyochangamka. Baada ya uhuru njia hiyo ikasambazwa kwa haraka kwenye shule nyingine. Haraka hiyo ndiyo iliyoiumiza. Kilichofanya kazi na mwalimu aliyeandaliwa vizuri, mwenye kadi na kalamu za rangi, kilipelekwa kwa mwalimu aliyepata semina fupi tu na darasa lililojaa pomoni. Tena kilijengwa kwa madarasa ya chini. Mtoto aliyezoea kuimba na kuigiza duka alifika madarasa ya juu akakuta ubao, fimbo na mtihani.

Na mtihani wa wakati huo haukuwa wa kuchezea. Kuanzia 1967 mtoto wa darasa la saba alifanya CPE, karatasi tatu: Kiingereza, hesabu, na ile ya jumla iliyobeba sayansi, historia na jiografia. Nchi ilikuwa changa, ofisi za wazungu zilikuwa zimebaki wazi, na nafasi za sekondari zilikuwa chache kuliko watoto. Kijiji kizima kingeweza kumwangalia mtoto mmoja akienda kukaa mtihani huo.

Huko ndiko mdudu wetu alikoingia. Na inasikitisha, kwa sababu alifanya kazi. Eleanor Duckworth, mtaalamu kutoka Kanada aliyesoma chini ya Jean Piaget kule Geneva, alipewa kazi ya kupima mradi ule wa sayansi hapa Kenya. Hakuwapa watoto karatasi ya maswali. Aliweka vifaa chumbani, akawaacha watoto wafanye wanachotaka navyo, halafu yeye akaangalia na kuandika. Watoto waliopitia mradi walifanya mambo mengi zaidi na ya aina tofauti zaidi kuliko wale ambao hawakupitia. Walikuwa na mawazo ya kujaribu. Lakini mawazo hayo hayakuwa na mahali pa kuandikwa kwenye karatasi ya CPE, ambapo unachagua herufi moja na kusonga mbele. Mwalimu aliyetumia wiki mbili kwa mdudu alikuwa anawanyima watoto wake wiki mbili za kukariri. Mzazi aliyelalamika alikuwa amepiga hesabu sawasawa.

Hapa sasa kuna kipande cha historia ambacho sisi vijana hatukusimuliwa, na kwangu ndicho muhimu kuliko vyote. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kubwa kuhusu ajira Kenya. Watu wanaikumbuka kwa sababu iliifanya dunia izungumzie jua kali kama sehemu halisi ya uchumi. Lakini ripoti hiyo iliangalia pia mtihani wa darasa la saba, ikaona kwamba huo ndio unaoamua kinachofundishwa, syllabus iseme isemavyo. Basi, kama mtihani ndio unaovuta, kwa nini usiuvute kwenda mahali pazuri?

Kazi hiyo ikafanywa katika miaka ya 1970, na mtu anayetajwa zaidi ni Anthony Somerset. Maswali ya CPE yakaanza kubadilishwa. Yale ya kukumbuka tu yakapunguzwa, yakaongezwa yale yanayomtaka mtoto afikiri na atumie anachokiona nyumbani na shambani. Kisha kikafanywa kitu rahisi mno: baada ya mtihani, shule zilitumiwa jarida linaloeleza maswali yaliyowashinda watoto, makosa waliyofanya, na pengine kwa nini. Mwalimu wa kijijini akapata kuona mawazo ya watoto wenye shida kama za wake.

Wacha nitoe mfano wangu mwenyewe ili tuelewane. Swali la kwanza: mdudu ana miguu mingapi? Chagua nne, sita, nane au kumi. Swali la pili: Achieng aliweka wadudu watano kwenye mchanga mkavu na watano kwenye mchanga mbichi. Kesho yake alikuta vishimo vinne upande mkavu, upande mbichi hakuna hata kimoja. Lipi kati ya haya anaweza kulisema kwa haki, na lipi bado hana ushahidi wake? Swali la kwanza linamfundisha mwalimu kuandika ubaoni. Swali la pili linamtuma nje na mikebe, hata kama hapendi, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuwaandaa watoto. Na yote mawili unaweza kuyapa herufi A hadi D.

Kwa hiyo tulikuwa tumeupata ufunguo. Halafu ukaja 8-4-4.

Tume ya Mackay ilipendekeza mfumo huo 1981, na 1985 watoto wa kwanza wakafanya KCPE. Nia ilikuwa nzuri kwenye karatasi: mtoto atoke shule akiwa na ujuzi wa mikono. Sanaa, ufundi, kilimo, sayansi kimu, muziki, biashara, vyote vikaingia. Wazazi wakaambiwa wajenge karakana kwa harambee. Wengine walijenga, wengine waliishia kwenye msingi. Watoto wakaagizwa kuleta mwiko, kikapu, sweta la kufuma, na mama akaenda sokoni kununua kilichotengenezwa tayari. Masomo hayo ya mikono yakatahiniwa, kwa sehemu kubwa, kwa maswali ya kuchagua herufi. Ungeweza kupata alama nzuri ya useremala bila kushika msumeno. Kilimo kilisomwa kitabuni, na shamba la shule likabaki mahali pa kupelekwa ukichelewa. Tafakari hilo kidogo. Tulichukua somo la shamba tukaligeuza kuwa adhabu, miaka 60 baada ya Phelps-Stokes.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mzigo ukapunguzwa. Mtihani uliokuwa na alama 700 ukawa na 500, na masomo ya mikono yakatolewa kwenye karatasi. Yalipotoka kwenye karatasi yakatoka kwenye ratiba pia. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bure, wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Ilikuwa baraka, nami ni mmoja wa walioingia kwa mlango huo. Lakini madarasa yalijaa, na mwalimu aliyekuwa na watoto 40 akajikuta na 80.

Mimi ni mtoto wa zama hizo. Darasa la saba na la nane nalikumbuka kama giza: kufika kabla ya jua, kurudi baada yake, katikati ni karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Somo moja ndilo nalikumbuka kwa rangi. Mwalimu wetu wa sayansi alileta mapafu ya mbuzi kutoka buchani, akayapuliza kwa mrija mbele yetu. Yakajaa, yakabadilika kutoka wekundu uliokolea hadi waridi. Darasa zima likanyamaza, hata wale wa nyuma. Tuliuliza maswali mpaka kengele ikalia na hakuna aliyeinuka. Wiki iliyofuata tukasikia amesutwa kwenye mkutano wa walimu kwa kubaki nyuma ya silabasi. Hakuleta kitu tena.

Sasa tuna CBC. Ilijaribiwa 2017, ikaanza rasmi 2019, na KCPE ya mwisho ikafanywa 2023. Mnamo 2021 mitandao ilijaa picha za sanamu za kutishia ndege zilizotengenezwa na wanafunzi wa Gredi ya 4, au tuseme zilizotengenezwa na baba zao usiku wa manane. Tulicheka sana. Kisha kesi ikafika mahakamani. Nyuma ya kicheko kulikuwa na mama amesimama kwenye saiba saa mbili usiku, ana shilingi hamsini na karatasi nne za rangi za kuchapisha. Alikuwa analipia somo ambalo shule ilipaswa kulifanya kwa mchanga na mkebe, na hakuwa na hakika kama litamfikisha mtoto wake popote. Wasiwasi wake una umri wa miaka mia moja.

Kuna jambo moja ambalo safari hii ni tofauti, na linaweza kuokoa au kuua yote. Tathmini ya Gredi ya 6, iliyofanywa mara ya kwanza 2022, imepangwa hivi: asilimia 60 inatoka kwenye kazi za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6, na 40 kwenye karatasi ya mwisho. Ya Gredi ya 9, iliyofanywa mara ya kwanza 2025, imegeuza mizani: 60 ni karatasi ya mwisho, na zile 40 zinatokana na Gredi ya 6 na kazi za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Wengi tunabishana kuhusu majina ya madarasa, nani ajenge maabara, sekondari msingi ikae wapi. Ni mijadala halali. Lakini mwalimu wa Gredi ya 8 hatafundisha kwa kufuata mijadala yetu. Atafundisha kwa kufuata maswali ya ile 60. Na zile kazi za shuleni, ikiwa alama zake zinajazwa tu ili mfumo ufunge kwa wakati, mwalimu anayehangaika na mapafu ya mbuzi hatapata zaidi ya yule aliyejaza.

Mpwa wangu yuko Gredi ya 8. Wikendi iliyopita alikuwa na kijitabu cha marudio kilichonunuliwa barabarani, maswali 500 na majibu nyuma. Nilikifungua nikahesabu ukurasa mmoja: maswali 20, na 17 yalikuwa ya aina ya miguu mingapi. Kijitabu hicho hakikuandikwa na wizara, kimeandikwa na mfanyabiashara anayejua soko lake, na soko ni wazazi wanaojaribu kubahatisha kitakachoulizwa. Kama mtihani utakuwa na maswali ya Achieng na mchanga wake, mfanyabiashara huyo atakuwa wa kwanza kubadilisha kitabu chake.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na halihitaji harambee. Karatasi za Gredi ya 9 zikishafanywa, tuzisome. Wazazi, walimu, hata sisi tusio na watoto. Tuhesabu maswali mangapi yanadai mtoto awe amewahi kujaribu kitu, na mangapi yanadai awe amekariri. Na Baraza la Mitihani lirudishe lile jarida la miaka ya 1970, litume kwa kila shule habari ya maswali yaliyowashinda watoto na sababu zake. Simu ya mwalimu inatosha kulipokea.